Muungano wa nyuklia ni nini, na fundi umeme atafanya nini?

"Fundi, huu muungano wa nyuklia ndio utatutoa kazini?" Aliyeuliza ni kijana anayejifunza kusuka mota kwangu hapa Moshi. Alikuwa amesoma habari kwenye simu.

Si ule wa Tanganyika na Zanzibar. Huu ni wa viini vya atomu nyepesi kulazimishwa kuungana. Nilimpa sumaku mbili za spika mbovu, nikamwambia azikutanishe nyuso zinazofanana. Zilimteleza vidoleni. Viini navyo hufukuzana hivyo hivyo, maana vyote vina chaji chanya. Kitovu cha jua huviunganisha kwa nyuzi joto kama milioni 15 na mgandamizo mkubwa. Sisi tusio na mgandamizo huo tunahitaji zaidi ya milioni 100. Vikishaungana, kinachotoka kina uzito pungufu kidogo kuliko kilichoingia, na upungufu huo ndio nishati. Vinu vya nyuklia vya leo hufanya kinyume: hupasua viini vizito vya urani.

Desemba 2022, maabara ya Livermore huko California ilipiga leza ya megajuli 2.05 (megajuli ni kipimo cha nishati) ili kuunganisha viini, ikavuna 3.15. Shangwe zilikuwa za haki, ila kuwasha leza zenyewe kulikula karibu megajuli 300 za gridi. Ni kama kuchoma lita 100 za dizeli uvune lita moja.

Sasa kazi. Joto la muungano litachemsha maji, mvuke utazungusha tabaini. Kuanzia hapo ni jenereta, transfoma na laini, mambo yale yale ya kituo cha umeme cha Nyumba ya Mungu, isipokuwa pale kinachosukuma ni maji ya bwawa. Ndiyo maana Waingereza wameichagua West Burton, penye kituo cha makaa ya mawe kilichofungwa 2023, kujenga kituo chao cha kwanza cha muungano: njia kubwa za umeme zipo tayari. Mchimba makaa ndiye mwenye sababu ya kuhofia. Mafuta ya muungano ni haidrojeni nzito ya majini na nyingine inayotengenezwa kwa lithi, ile ya betri za simu. Matengenezo nayo yatabadilika, kwa kuwa ndani ya tanuru huingii kwa sababu ya mionzi. Kule Culham, Uingereza, kwenye mtambo wa majaribio ya muungano, fundi alikaa chumba kingine akiongoza mikono ya roboti.

"Na sumaku zinazoshikilia huo moto usiguse kuta za tanuru?" kijana akauliza.

Koili, nikamwambia. Ile kubwa kabisa ya ITER, mtambo wa majaribio ya muungano unaojengwa Ufaransa, ina kipenyo cha mita 24, na itapozwa hadi nyuzi 269 chini ya sifuri.

Akaitazama mota ya pampu mapajani mwake. "Wanasukia waya namba ngapi?"