Uchovu wa dawa za moyo: tafuta kidonge kinachokuchosha kabla ya kukiacha

"Dawa hizi zinanimaliza nguvu." Wagonjwa wengi wa moyo, Unguja na Pemba, husema hivyo wakiwa wameshaacha kidonge kimoja kimyakimya. Kasoro ni kwamba aliyeacha amebahatisha. Mwenye dawa nne hajui ipi inamchosha, na huenda akaitupa ile inayomlinda.

Anza na saa. Kwa siku 7 andika saa unayomeza kila kidonge na saa mwili unapolegea. Karatasi hiyo itamfaa daktari kuliko neno "nachoka".

Ukilegea mchana kutwa, ngazi zikakushinda, na mikono ikawa baridi hata katikati ya joto la kaskazi, wa kushukiwa kwanza ni atenolol, bisoprolol au carvedilol. Dawa hizi hupunguza kasi ya moyo. Ndiyo kazi yake. Uchovu huwa mzito wiki 2 hadi 4 za mwanzo, au kila dozi inapopandishwa, kisha kwa wengi hupungua. Pima mapigo: kaa kitako dakika 5, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu dakika nzima. Yakiwa chini ya 50, au ukiona kiza unaposimama, nenda spitali siku hiyohiyo. Lakini usiziache ghafla. Moyo uliozoea kuzuiwa ukiachiwa kwa mara moja hukimbia, na mwenye mishipa iliyoziba anaweza kupata mshituko wa moyo. Daktari huzipunguza kidogo kidogo.

Pengine kosa si la dawa, ni la saa. Furosemide, ambayo wengi huiita Lasix, huanza kukojoza ndani ya saa moja na huendelea kwa saa 6 hivi. Ukiimeza baada ya Ishaa utakesha chooni, na asubuhi utasema dawa imekuchosha. Imeze asubuhi, dozi ya pili, kama ipo, isipite saa 9 alasiri. Anayesafiri kwa boti kutoka Pemba kwenda kliniki Unguja anaweza kuichelewesha mpaka ateremke. Hiyo tu, vidonge vingine avimeze kwa saa yake.

Halafu kuna dafu. Mtu akichoka huambiwa anywe dafu apate nguvu, na kwa mwenye afya hakuna ubaya. Ila dafu lina potasiamu nyingi, madini ambayo figo huyatoa yakizidi damuni. Dawa za moyo na presha kama spironolactone, enalapril na losartan zote huzuia figo zisiitoe potasiamu, na anayetumia mbili kwa pamoja, hasa mwenye figo dhaifu, akinywa madafu kila siku anaweza kuijaza damuni mpaka misuli ikalegea na mapigo yakavurugika. Yaani tiba ya uchovu inazidisha uchovu. Furosemide peke yake hufanya kinyume: huimwaga potasiamu, na dalili mojawapo ni kukazwa na misuli ya miguu usiku. Ndiyo maana hatuwezi kumwambia kila mtu "kunywa" au "usinywe". Kipimo cha damu ndicho kinachoamua.

Papa mkavu na ng'onda (samaki wa chumvi waliokaushwa) nao hufanya dawa isingiziwe. Chumvi hushika maji, miguu hujaa, pumzi hupungua. Kuwaloweka na kumwaga maji hupunguza chumvi, hakuimalizi. Jipime uzito kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kula: ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji, nenda kliniki.

Kikohozi kikavu kinachowasha koo mara nyingi ni cha enalapril au captopril, na losartan huweza kuwa badala yake. Kikohozi kinachozidi ukilala, mpaka ukaongeza mito, huweza kuwa cha maji mapafuni. Midomo au ulimi ukivimba ghafla, hiyo ni dharura; usimeze tena enalapril wala captopril. Miguu iliyovimba kwa amlodipine, dawa ya presha, haiponi kwa kuongeza dawa ya kukojoza. Hupunguzwa dozi au hubadilishwa dawa. Na kwa maumivu ya kiuno usinunue diclofenac dukani: hushika maji na huumiza figo. Paracetamol ni salama zaidi.

Wanaume wengi huacha dawa kwa sababu ya nguvu za kiume na hawasemi. Semeni, dozi hubadilishwa. Anayetumia vidonge vya isosorbide, dawa ya maumivu ya kifua, asiguse kabisa sildenafil, kidonge cha nguvu za kiume. Presha huweza kuporomoka akazimia au kufa.

Ramadhani inataka mpango wiki kadhaa kabla. Dawa ya mara moja kwa siku kwa kawaida huhamia baada ya futari. Ya mara mbili, futari na daku. Furosemide isiwekwe kwenye daku, maana itakukausha mchana kutwa bila tone la maji. Ukiimeza mara tu baada ya kufuturu, kazi yake huwa imekwisha usiku wa manane. Ambaye bado anavimba miguu au anakosa pumzi akilala, ushauri wetu ni asifunge mpaka atulie.