Trakiboli kwa mwenye shida ya mikono: maswali na majibu

Trakiboli ni kitu gani, na inamfaa nani?

Ni kifaa cha kompyuta kinachofanya kazi ya kipanya, ila mpira wake uko juu. Chenyewe hakitembei mezani. Unauzungusha mpira kwa vidole, kwa kiganja, kwa ubavu wa mkono, hata kwa kisigino, na kishale kinaufuata kwenye skrini. Ukiuacha, kishale kinabaki palepale. Kipanya cha kawaida kinamdai mtu akishike, akisogeze, akiinue na abofye bila kukitikisa, na yote hayo kwa mkono mmoja.

Inawafaa wengi wenye mtindio wa ubongo, kiharusi, ugonjwa wa Parkinson unaotetemesha mikono, baridi yabisi iliyopinda vidole, kudhoofika kwa misuli, na majeraha ya uti wa mgongo sehemu ya shingo. Aliyeumia usawa wa C6, yaani pingili ya sita ya shingo, kwa mfano, vidole havimtii lakini kiwiko anakikunja na kifundo cha mkono anakiinua. Akilaza ubavu wa kiganja juu ya mpira mkubwa, anauzungusha kwa kusukuma na kuvuta mkono mzima. Hahitaji kushika chochote.

Nichague mpira wa ukubwa gani?

Angalia ni sehemu gani ya mkono inayotii. Mpira wa milimita 34, unaozungushwa kwa kidole gumba, ndio unaopatikana kirahisi madukani, na ndio unaowashinda wengi wa tunaowazungumzia hapa. Unamfaa zaidi mtu ambaye nguvu za mkono zimeisha lakini kidole gumba bado kinasogea kidogo kwa uhakika, kama ilivyo kwa baadhi ya wenye kudhoofika kwa misuli. Kwa vidole vigumu, au kwa anayetumia kiganja, anza na milimita 55, mfano Kensington Expert Mouse. Anayetumia ngumi, kiwiko au mguu atahitaji wa milimita 75 hivi, kama BIGtrack, ambao unakaribia ukubwa wa chungwa.

Vitufe navyo vitazame. Mkono unaorukaruka utavigusa bila kukusudia, kwa hiyo vizuri viwe vimezama au vifunikwe kwa kinga yenye matundu. Zipo trakiboli zilizotengenezwa kwa watu hawa hasa, kama n-ABLER ya Uingereza, zenye vitufe vilivyozama, kitufe cha kuburuta na tundu za kuchomeka swichi za nje. Bei yake ni kubwa kuliko za kawaida, na sehemu ya faida hizo unaweza kuipata kwa njia nyingine zilizoelezwa hapa chini.

Niiweke wapi?

Anza na kiti. Makalio yafike nyuma kabisa, miguu ikanyage sakafu au ubao. Mwenye mtindio wa ubongo asiyekaa imara hukaza misuli yote ili asianguke, na mkazo huo unashuka hadi vidoleni. Kisha kigasha chote, kuanzia karibu na kiwiko, kilale juu ya meza au mto mgumu. Kiwiko kiwe kimekunjwa takriban nyuzi 90 hadi 100, na kifundo kisipinde kwenda juu wala chini. Trakiboli nyingi ni nene, hivyo mara nyingi itabidi kigasha kiinuliwe kwa ubao au taulo lililokunjwa kwa sentimita 2 hadi 4.

Ibane isiteleze. Kipande cha mpira wa kuzuia kuteleza kinatosha kwa wengi. Mwenye mkono wenye nguvu za ghafla atumie utepe wa kunasa uliogundishwa chini ya kifaa na juu ya meza. Ukitaka kuilaza kwa mteremko, hakikisha kwanza mpira umefungwa kwa pete; usipofungwa, utadondoka.

Nafikisha kishale vizuri, lakini nikibofya kinaruka. Kwa nini?

Hili ndilo linalowakatisha tamaa watu wengi, na si kosa la mtumiaji. Kidole kinapobonyeza, misuli ileile inayoshikilia mkono juu ya mpira inakazika na mpira unasogea kidogo. Kwa mwenye misuli inayokaza, kidole kimoja kikikunjwa vingine navyo vinajikunja. Dawa ni kutenganisha kazi mbili: mkono mmoja uzungushe, kitu kingine kibofye.

Njia isiyo na gharama iko kwenye kibodi yenye namba upande wa kulia. Katika Windows, fungua mipangilio ya Ufikivu uwashe huduma ya vitufe vya kipanya. Taa ya Num Lock ikiwaka, namba 5 inabofya, alama ya kujumlisha inabofya mara mbili, 0 inashikilia kwa ajili ya kuburuta, na nukta inaachia. Mkono wa pili, au kijiti cha mdomoni, unafanya kazi hiyo.

Njia ya pili ni kuchomeka kipanya cha bei ndogo pamoja na trakiboli. Kompyuta inavikubali vyote viwili kwa kishale kimoja. Ziba jicho la kipanya hicho kwa utepe mweusi wa umeme ili kisisogeze kishale, kigundishe mahali ambapo mkono wa pili, goti au mguu unafika, kitumike kubofya tu. Ikihitajika swichi kubwa, fundi wa elektroniki anaweza kutia lehemu nyaya mbili kwenye kitufe cha kushoto ndani ya kipanya hicho na kuzipeleka kwenye tundu la jeki ya milimita 3.5, ambayo swichi nyingi za watu wenye ulemavu hutumia. Kitufe kina miguu mitatu. Apime kwa mita ni miwili ipi inayoungana kinapobonyezwa. Kazi hiyo ifanyike kwenye kipanya cha bei ndogo, isiguse trakiboli.

Asiye na sehemu ya pili inayotii atumie kubofya kwa kusubiri: kishale kikitulia kwa muda uliopangwa, kompyuta inabofya yenyewe. Huduma hiyo imo ndani ya Mac na Android. Kwa Windows unaweka programu ya nyongeza. Anza na sekunde 1.5. Ukiweka nusu sekunde mapema mno, utafungua vitu usivyovitaka kila unapopumzika.

Na kuburuta?

Ukiwa na Windows, washa ClickLock kwenye sifa za kipanya. Shikilia kitufe kwa muda mfupi kisha uachie. Kitabaki kimejifunga hadi ubofye tena. Vilevile, kwenye mipangilio ya folda, badilisha faili zifunguke kwa kubofya mara moja, maana kubofya mara mbili haraka ni mtihani usio wa lazima.

Mkono unatetemeka. Nirekebishe nini?

Inategemea mtetemeko. Wa Parkinson huonekana zaidi mkono ukiwa umepumzika na mara nyingi hupungua ukianza kutumika, hivyo mtu kama huyo anaweza kuupanga mpira vizuri halafu akasumbuliwa na kubofya kwa kusubiri. Mtetemeko unaotokana na ubongo wa nyuma huzidi mkono unapokaribia shabaha. Kwa huyo, panua shabaha: ongeza ukubwa wa maandishi na vitu kwenye skrini hadi asilimia 150, na ukubwa wa kishale pia.

Kasi ishushwe. Zima pia chaguo la kuongeza usahihi wa kishale. Chaguo hilo hufanya mwendo wa haraka urushe kishale mbali zaidi, hivyo kila mshtuko wa misuli unakuzwa. Kwa mwenye misuli dhaifu lakini tulivu ni kinyume: liache limewashwa na upandishe kasi, ili mwendo wa sentimita moja uvuke skrini nzima. Badilisha kitu kimoja kwa siku, vinginevyo hutajua kilichosaidia.

Baada ya kiharusi nitumie mkono upi?

Kwa kazi, mzima. Uliopooza upewe zamu fupi za mazoezi, dakika 10 hadi 15, ukiwa umeegemezwa wote. Usiuvute kuupandisha mezani, kwa sababu bega lililolegea huumia kirahisi. Uinue kwa kushika chini ya kigasha na kiwiko. Kama mgonjwa hazingatii upande wa kushoto, kishale kitampotea huko mara kwa mara. Mpe kishale kikubwa chenye rangi kali, na umzoeshe kukirudisha katikati kwanza.

Mtoto afundishwe vipi?

Vitufe vizimwe au vifunikwe. Kwanza azungushe tu na kuona kitu kinasogea. Akishazoea, apeleke kishale pembe nne za skrini, halafu asimame juu ya picha kubwa. Kubofya kuje baadaye, kuburuta mwishoni. Usimshike mkono kumwongoza kila mara; ukikaza wewe, naye anakaza.

Mkono wangu hauhisi. Kuna hatari?

Ipo, hasa kwa aliyeumia uti wa mgongo, mwenye ukoma au kisukari. Ukingo wa meza unaweza kuchimba kidonda bila yeye kujua. Baada ya dakika 20 kagua ubavu wa kiganja na chini ya kifundo. Wekundu, au weusi uliozidi kwenye ngozi nyeusi, usiopotea ndani ya nusu saa una maana kwamba pedi ibadilishwe kabla ya kuendelea. Ganzi au udhaifu mpya ni wa kupeleka hospitali.

Mpira umeanza kukwama.

Karibu kila mara ni uchafu. Ng'oa kifaa kwenye kompyuta, sukuma mpira kutoka chini kwa nyuma ya penseli. Ndani utaona vinundu vitatu vidogo ambavyo mpira unakalia, vimezungukwa na utando wa kijivu wa jasho na vumbi. Vifute kwa kijiti cha pamba, pangusa na jicho la kifaa, kwa kuwa unyoya mmoja hapo unatosha kurusha kishale. Osha mpira kwa sabuni, ukauke kabisa. Usipake mafuta, yananasa vumbi. Fanya hivyo kila wiki, au kila siku kama mate yanadondoka.

Tumejaribu mwezi mzima, haifai.

Rudini kwanza kwenye kiti na egemeo la kigasha, kisha mkono wa pili, kisha mguu. Vikishindikana, mtaalamu wa tiba kwa vitendo ajaribu jostiki, yaani kifimbo cha kuendeshea kishale, kwa anayeweza kusukuma lakini hawezi kuzungusha, au kifaa kinachofuata mwendo wa kichwa kwa mwenye shingo imara. Ombeni kujaribu kabla ya kununua, angalau nusu saa, na mtu akiwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe.