Mbolea ya Naitreti na Salfa Visilale Ghala Moja

Ghala la chama cha msingi huko Newala au Nachingwea linaweza kujikuta limebeba kwa pamoja mifuko ya CAN, mbolea yenye amonia naitreti na chokaa, iliyobaki baada ya msimu wa mahindi na salfa inayosubiri kupulizwa kwenye mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga. Ujirani huo ni wa hatari, na sababu yake imo katika tabia ya chumvi za naitreti zinapopata joto.

Amonia naitreti, ambayo ndiyo kiini cha CAN, hubadili mpangilio wa chembe zake mara kadhaa kabla ya kuyeyuka. Ikiwa haijatiwa kidhibiti, badiliko moja hutokea kwenye nyuzi joto 32 tu, kiwango ambacho ghala lenye paa la bati hukipita mchana wa Novemba na kukirudia usiku. Punje hutanuka na kunywea, hupasuka, hutoa vumbi, na kwa kuwa chumvi hii hufyonza unyevu, hatimaye hushikana kuwa mabonge. Hasara hiyo ni ya mkulima, lakini haiwashi moto. Hatari huanza juu zaidi: chumvi huyeyuka kwenye nyuzi 169 hivi, na ikifika takribani nyuzi 210 huvunjika kwa kasi na kutoa gesi. Chokaa iliyomo katika CAN hupunguza hatari hiyo bila kuiondoa.

Naitreti nyingine huvunjika kwa njia zake. Potasiamu naitreti huyeyuka kwenye nyuzi 334, kisha joto likizidi sana hutoa oksijeni. Kalisi naitreti hutoa oksijeni pamoja na nitrojeni dayoksaidi, gesi ya kahawia yenye sumu. Kwa hiyo moto uliofika kwenye chumvi hizi hupata oksijeni kutoka ndani ya mfuko wenyewe, na salfa, ambayo huungua kwa urahisi, ikiwa karibu huwa kuni. Vivyo hivyo magunia ya katani, dizeli na maganda ya korosho.

Ndiyo maana kuufukia moto wa namna hii kwa mchanga au kufunga milango hakusaidii. Kinachohitajika ni maji mengi na milango iliyo wazi, na moto ukishalifikia rundo lenyewe, watu waondoke mbali. Mwaka 2020, takribani tani 2,750 za amonia naitreti zililipuka katika bandari ya Beirut baada ya moto kuzuka ghalani.

Aliyevuta moshi wa kahawia apelekwe hospitali hata akijihisi mzima, kwa sababu mapafu yanaweza kujaa maji saa nyingi baadaye.