Kagunga, Kasese na njia za panya: tunavyokosea kuhusu magonjwa ya mlipuko mpakani

"Wakimbizi ndio wanaotuletea kipindupindu." Mlipuko ukitokea karibu na kambi, kauli hii haichelewi kusikika, nami huwa nawakumbusha watu Kagunga.

Kagunga ni kijiji cha Kigoma kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, jirani kabisa na Burundi. Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walirundikana kwenye ufuko ule mwembamba wakisubiri meli ya MV Liemba, iliyochukua watu wapatao 600 kwa safari moja kwenda Kigoma mjini. Meli ilitia nanga mbali kidogo, abiria wakafikishwa kwa boti za mbao. Mwingine alisubiri siku kadhaa, akilala mchangani, huku vyoo vikiwa haba na maji ya kunywa yakichotwa ziwa lile lile watu waliloogea na kufulia. Mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo moja, kuni za kuchemshia maji angezitoa wapi? Kabla Mei haijaisha, wagonjwa wa kipindupindu walifika 3,000 na waliofariki 31, wawili kati yao Watanzania.

Kipindupindu huenea kinyesi chenye vimelea kinapoingia kwenye maji au chakula. Warudishe Warundi wote kwao, uache ufuko ule bila choo wala maji safi, na wenyeji watauguza watoto wao vile vile. Tanzania yenyewe inaujua ugonjwa huu tangu miaka ya 1970.

"Basi wagonjwa wazuiwe mpakani." Utawajuaje? Wengi walioambukizwa kipindupindu hawaoneshi dalili yoyote, au huharisha kidogo tu. Kinachookoa maisha ni pakiti ya ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) iliyokorogwa kwenye lita moja ya maji safi, na dripu kwa aliyekauka maji mwilini. Tiba ikiwahi, hafi hata mmoja kati ya wagonjwa 100.

"Kwa Ebola, dawa ni kufunga mpaka." Hapa hofu naielewa, maana Ebola inaua. Lakini tazama Kasese, Uganda, Juni 2019. Familia moja ilikuwa inarudi kutoka Kongo, ilikokwenda kuuguza na kuzika ndugu. Upande wa Kongo walizuiwa kwa kuwa na dalili, baadhi yao wakaponyoka na kuvuka kwa njia ya panya. Kituo rasmi kilikuwepo, na ndicho walichokikwepa. Kilichosaidia ni kwamba wahudumu wa Kongo waliwaarifu wenzao wa Uganda, na wauguzi walipompokea mtoto wa miaka mitano aliyekuwa akitapika damu, walishuku Ebola mapema. Tena Uganda ilikuwa imeshachanja wahudumu wa afya karibu 4,700 kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingia. Mtoto yule, mdogo wake na bibi yao walifariki, inauma sana. Lakini hakuna aliyeambukizwa ndani ya Uganda. Ukifunga lango, anayekwenda kuzika mzazi wake atapita porini, ambako hakuna wa kumpima joto wala wa kuandika jina lake.

"Kipimajoto kinatosha." Hapana. Ebola inaweza kukaa mwilini hadi siku 21 kabla ya homa kuanza. Ukaguzi una faida yake, kwani mgonjwa wa kwanza wa mpox (homa ya nyani) Kenya, Julai 2024, alibainika kwenye kituo cha mpakani cha Taveta akiwa safarini. Ila anayepita leo akiwa mzima anapaswa kujua ataenda zahanati gani akiugua wiki ijayo.

"Asiye na kibali asitibiwe." Hii ndiyo inayonisikitisha kuliko zote. Mhamiaji anayeogopa kukamatwa hospitalini hajiponyi kwa kuogopa. Atajifungia kwenye chumba cha kupanga, anaharisha na kutapika, na mwenzake anamfulia shuka kwa mikono mitupu, kisha anamwaga maji yale uani, hatua chache kutoka kisima cha mtaa.