Barabara moja mpya ipite wapi? Hesabu ya zahanati za mwambao

Kusini mwa mji wa Kigoma, vijiji vingi vya mwambao vimejipanga kama shanga: mgongoni milima, mbele ziwa. Mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku wa upepo, umbali hadi zahanati ndio kila kitu. Kwa hiyo hesabu hii naifundisha kwa moyo wote.

Chukua kokoto 7, uzipange mchangani kwa mstari. Ndivyo vijiji vyetu vya mfano, kila kimoja kikiwa na njia ya kwenda kwa jirani yake tu. Tunataka kila kijiji kiwe na zahanati au kipakane na chenye zahanati. Zahanati moja huhudumia vijiji 3 kwa wingi: chake na viwili vya jirani. Mbili zitafikia 6, na kimoja kitabaki. Basi zinahitajika 3.

Mchoro wa nukta na mistari kama huu huitwa grafu, na idadi ndogo kabisa inayotosha ni namba ya utawala. Claude Berge wa Ufaransa aliichambua mwaka 1958.

Sasa fedha za barabara moja zimepatikana. Wanafunzi wangu wengi hukimbilia kuunganisha kijiji cha 1 na cha 7, mduara ukamilike. Haisaidii: kila kijiji kina majirani wawili tu, na zahanati mbili bado zinaishia vijiji 6. Chora badala yake njia fupi kati ya cha 4 na cha 6. Weka zahanati kijiji cha 2, ihudumie cha 1 na cha 3. Nyingine kijiji cha 6, ihudumie cha 4, cha 5 na cha 7. Zahanati 2 zimetosha!

Barabara moja haiwezi kupunguza zahanati mbili kwa mpigo. Ukiifuta, kijiji kinachoweza kukosa huduma ni kimoja tu, kile kilichoitegemea. Kijengee zahanati yake, pengo limezibika.

Mwaka 1990 wanahisabati Kok na Mynhardt waliligeuza swali: ziongezwe barabara ngapi, kwa uchache, ndipo namba hiyo ishuke? Kwa vijiji 7 ni moja. Ongeza kokoto ya 8, zitahitajika barabara mbili; ya 9, tatu, kwa sababu zahanati mbili zinafikia 6 na kila kijiji kilichobaki kinadai barabara yake.