Kanga, kitenge na suala la vazi halisi

Wengi tumekua tukiambiwa kwamba anayetaka mtindo wake halisi arudi kwenye nguo za asili zisizochanganyika na za kigeni, na kitenge ndicho hutajwa kwanza. Historia haisemi hivyo. Kitenge cha nta kilitokana na batiki ya Java, ambayo viwanda vya Uholanzi viliiga kwa mashine katika karne ya 19. Kimojawapo, Vlisco, kilichoanzishwa mjini Helmond mwaka 1846, kingali kinachapa hadi leo. Kanga nayo ina jina jingine, leso, lililotokana na Kireno, na inasimuliwa kwamba wanawake wa pwani walianza kwa kuunga vitambaa sita vya leso, viwili kwa vitatu, kupata vazi moja.

Uhalisi ulikuwa kwenye mkono uliounga. Mtazame mama anayechagua doti ya kanga dukani Mombasa. Huikunjua, husoma jina, yaani maneno yaliyochapwa juu yake, kabla ya kuuliza bei, hupitisha kidole kwenye pindo, kisha huitupia begani. Jina likiwa fumbo lisilomhusu huirudisha, hata kama rangi imempendeza. Huo ndio mtindo wake, na naona ni mzito kuliko asili ya kitambaa.

Nawe fungua kabati lako, utoe nguo tano ulizozifua mara nyingi zaidi mwaka huu. Pengine mojawapo ni shati la mtumba ulilolipeleka kwa fundi likapunguzwe mikono. Anzia hapo.