Mota ya ndege ya rimoti kwenye mashine ya kuchonga: umeme wake uutoe wapi

Vijana wanaojitengenezea mashine za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta (CNC) huku kwetu, kuanzia Mbeya mjini hadi Mafinga, huniuliza swali moja: ninunue mota gani ya kuzungusha kisu? Mimi huwauliza kwanza umeme wa kuilisha watautoa wapi. Mota ndogo zisizo na kaboni, zile za ndege za rimoti, zina nguvu ya kutosha kabisa kwa kisu cha milimita 3. Zinazoshindwa ni pawa saplai zinazofungwa nyuma yake.

Angalia hesabu yenyewe. Aluminiamu hudai karibu jouli 0.8 kwa kila milimita moja ya ujazo unayoiondoa. Ukichonga mfereji wenye upana wa mm 3 na kina cha mm 1, huku kisu kikienda mm 720 kwa dakika, unaondoa mm za ujazo 36 kila sekunde. Hizo ni wati 29 kwenye ncha ya kisu. Paini ya Sao Hill hudai kidogo kuliko hapo. Jumlisha hasara za mkanda, beringi na joto la mota, jumlisha na kisu kilichoanza kuwa butu, bado hufiki wati 100. Kwa hiyo mtu akikuambia unahitaji mota ya wati 1,500 ili uchonge vibao vya majina, muulize anataka kuchonga nini hasa.

Namba ya KV iliyochapwa ubavuni mwa mota ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, mota ikiwa haina mzigo. KV 1,000 kwa volti 12 ni mizunguko 12,000, na hiyo ni kasi nzuri kwa kisu cha kabaidi (kigumu sana lakini rahisi kuvunjika) cha mm 3. KV hiyohiyo inakupa pia nguvu ya kusokota shafti (torque): gawanya 9.55 kwa KV, upate niutoni-mita kwa kila ampia. Kwa KV 1,000 ni 0.00955 tu. Mota yenye KV ndogo husokota kwa nguvu zaidi kwa ampia zilezile, lakini inataka volti nyingi zaidi ili ifike kasi hiyo.

Sasa tuje kwenye shida yenyewe. Mota inapozunguka huzalisha volti zake za kinyume, na hizo ndizo zinazoizuia isivute ampia nyingi kupita kiasi. Ikisimama, kinga hiyo haipo. Koili zenye ukinzani wa ohm 0.04 zikipewa volti 12, kwenye karatasi ni ampia 300. Kidhibiti mwendo, ile ESC, huwasha mota polepole kwa sababu hiyo. Lakini kisu kikinasa ghafla, au ukiongeza kasi kwa pupa, mkondo hupanda kutoka ampia 6 hadi 30 na zaidi kabla hujapepesa jicho.

Maduka ya Mwanjelwa yamejaa pawa saplai za bati lenye matundu, volti 12 ampia 30, zinazouzwa kwa ajili ya kamera za ulinzi na taa za LED. Kwa taa hazina neno. Kwa mota hii, mkondo ukiruka mara moja tu, pawa saplai inajilinda: inazima, inawaka, inazima tena, na kisu kinasimama ndani ya kazi wakati meza bado inasonga. Kisu cha kabaidi hakivumilii hilo hata mara moja.

Kuna upande wa pili ambao wengi hawaufikirii kabisa. Ukipunguza kasi, ESC yenye breki huigeuza mota kuwa jenereta na kurudisha umeme ulikotoka. Pawa saplai ya kawaida haina mahali pa kuupeleka. Volti zinapanda, kinga ya volti inakatisha, na siku mbaya ESC inaungua. Ukiamua kubaki na pawa saplai, zima breki kwenye mipangilio ya ESC, kisha subiri kisu kisimame chenyewe.

Chaguo langu ni betri ya risasi na asidi ya volti 12 inayochajiwa muda wote. Kama una ya sola, ni bora zaidi. Kama huna, N70 ya gari inatosha. Fikiria tangi la maji lililofungwa kwenye bomba dogo: bomba linajaza taratibu, tangi linatoa kwa wingi pale unapohitaji. Chaja ya ampia 10 inabeba wastani wa kazi, betri inabeba miruko, na umeme unaorudi kutoka kwenye mota unamezwa na betri bila kelele. Umeme wa gridi ukikatika katikati ya kazi ya saa mbili, kisu hakina habari. N70 ni kama ampia-saa 70. Ukijiwekea mpaka wa kutoshuka chini ya nusu, kwa wastani wa ampia 6 una zaidi ya saa 5. Hakikisha tu kompyuta na mota za meza nazo zina umeme wa akiba, la sivyo kisu kitazunguka mahali pamoja na kuunguza mbao.

Betri hiyo isikuzoeze vibaya. Spana ikigusa ncha zake mbili, mamia ya ampia yanapita hapohapo. Weka fyuzi ya ampia 40 karibu kabisa na ncha chanya. Ikichajiwa hutoa haidrojeni, na mwezi wa sita Mbeya kila mtu hufunga madirisha kwa ajili ya baridi. Karakana yako iache wazi.

Jambo linalosumbua zaidi wanaofuata njia hii ni kinga ya volti ndogo iliyomo ndani ya ESC. Imetengenezwa kwa betri za litiamu. ESC ikiwashwa huhesabu seli kwa kupima volti: lithiamu ya seli 3 ikijaa ni volti 12.6. Betri yako ikiwa kwenye chaja ni 13.6, hivyo ESC inaweza kuamua kwamba ina seli 4 zilizokaribia kuisha. Kama mpaka ni volti 3.2 kwa seli, ESC itapunguza nguvu au kuzima ikifika 12.8. Sasa gridi ikatike: betri inashuka hadi 12.5, na ESC inazima mota wakati betri imejaa tele! Mtu atabadilisha mota, atabadilisha betri, asipate jibu. Ingia kwenye mipangilio, uzime kinga hiyo au uchague aina ya betri ya NiMH, ile ya nikeli.

Nyaya nazo zina kanuni yake. Mashine inasogea, kwa hiyo mtu hufunga ESC juu karibu na mota na kuvuta waya mrefu hadi kwenye betri. Geuza. ESC ikae karibu na betri, urefushe zile nyaya tatu za mota. Waya mrefu upande wa betri huleta miruko ya volti inayoua kapasita za ESC, vile vihifadhi umeme vidogo vya mlangoni mwake. Kama huna namna, ongeza kapasita ya µF 1,000, volti 35, ya ESR ndogo (ukinzani mdogo wa ndani), mlangoni mwa ESC.

Kuhusu amri ya kasi: ESC husikia pigo la milisekunde 1 hadi 2, mara 50 kwa sekunde. GRBL, programu ya kuongoza mashine inayokaa kwenye kibodi kidogo cha kielektroniki cha Arduino Uno, hutoa mapigo ya aina nyingine, yapata 1,000 kwa sekunde, na ESC haiyaelewi. Weka Arduino ndogo ya pili itafsiri, au tumia kifaa cha kupimia servo (mota ndogo za rimoti zinazosikia mapigo kama ya ESC) chenye kinobu cha kuzungusha. Kasi ianze sifuri unapowasha, la sivyo ESC itagoma, na igome tu, ni usalama wako.

Joto lichukulie kwa uzito. Wati zilizoandikwa kwenye mota zimepimwa ikipulizwa na panga la ndege (propela), na hapa panga halipo. Juu ya hapo Mbeya iko karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi kuliko pwani na hupoza kidogo. Sumaku nyingi za mota hizi huanza kudhoofika zikivuka nyuzi 80. Weka feni ndogo, na ukinge mota dhidi ya chengachenga za chuma, maana sumaku huzivuta ndani.

Usifunge koleti, kile kishikio cha kisu, moja kwa moja kwenye shafti ya mota. Beringi zake hazikutengenezwa kusukumwa ubavuni. Tengeneza shafti yenye beringi zake, uzungushe kwa mkanda.

Ukimaliza kufunga, weka multimita kwenye mlango wa ESC, siyo kwenye betri, kisha chonga kipande cha paini kwa kina kamili. Volti zikishuka zaidi ya 0.5 kulinganisha na ncha za betri, waya wako ni mwembamba au kiungo kimelegea. Badilisha kabla hujagusa aluminiamu.